Pete ya Shingoni

Jumamosi iliyopita tulimwacha Penseli kasimama kwenye chumba cha maleba, kidole chake kimegota kwenye mchoro uliobandikwa ukutani, damu imemwisha usoni.

Kwa msomaji aliyepitwa na gazeti, habari ni hii. Penseli ndiye mchoraji wa mavazi katika ukumbi ule wa michezo ya jukwaani. Jina hilo kalipata kwa wembamba wake, na kwa penseli anayoichomeka kwenye nywele na kuisahau humo hadi anaingia nayo kitandani. Mavazi yote ya mchezo mpya wa nyimbo, *Bibi Harusi wa Upepo*, yalitoka kwanza mkononi mwake, yakiwa rangi na karatasi, kabla hayajawa kitambaa.

Katika wimbo wa mwisho wa mchezo huo, bibi harusi anapaa. Ndoano inanaswa kwenye pete ya chuma iliyofichwa kwenye gauni, kamba inavutwa, naye anakwenda juu huku akiimba. Pete hiyo Penseli aliichora kiunoni, kwenye mkanda mpana wa ngozi, ili mkanda ndio ubebe uzito wa mtu.

Kwenye mchoro uliokuwa mbele ya macho yake sasa, pete ilikuwa shingoni.

Na bibi harusi ni mdogo wake. Baba mmoja, mama mmoja.

"Mama Sindano," aliita. Sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtu mwingine. "Gauni liko wapi?"

Mama Sindano, fundi mkuu wa cherehani, aliinua uso. Alikuwa na pini midomoni, akazitema kiganjani moja moja kabla ya kujibu.

"Gauni gani tena? Si mdogo wako kalivaa. Wako kwenye mazoezi ya mwisho."

"Pete umeishona wapi?"

"Ulipochora, mwanangu. Shingoni. Nimepiga uzi wa viatu, nikarudia, nikarudia tena. Hata uivute kwa punda haitoki."

Penseli aliubandua mchoro kwa pupa, pini za ukutani zikaruka. Kisha karatasi ikamponyoka, akaiacha sakafuni, akatoka mbio.

"Kuna nini?" Mama Sindano alipiga kelele nyuma yake. "Nimekosea nini?"

Penseli alikuwa kashafika nusu ya ujia mwembamba unaoelekea jukwaani. Kwenye pembe ya dari palikuwa na spika ndogo, ile inayowapa habari waliovaa kwamba zamu yao imekaribia. Sauti ya Kinanda, mdogo wake, ilikuwa inatoka humo, tamu, imetulia, kama mtu anayembembeleza mtoto.

Wimbo wa mwisho ulikuwa umeshaanza.

Alifika kwenye mlango wa jukwaa, akausukuma. Umefungwa. Akaugonga kwa ngumi zote mbili.

"Fungueni! Simamisheni!"

Mlinzi alichungulia kwenye kioo kidogo, akaweka kidole mdomoni, akatikisa kichwa. Amri ya mwongozaji: wimbo ukianza, haingii mtu, hata awe nani. Penseli alimpigia kelele midomo wazi, akimwonyesha shingo yake mwenyewe, akijikaba kwa mikono kama kichaa. Mlinzi alicheka. Alidhani anataniwa.

Aligeuka. Palikuwa na njia nyingine: ngazi za chini, kupitia shimo wanamokaa wapiga ala mbele ya jukwaa. Aliteremka akiruka, akajikwaa, akaanguka kwa goti, akainuka bila kujua kama anaumia. Huku nyuma spika ziliendelea kumsomea kifo.

*Upepo, nichukue,* Kinanda aliimba. *Upepo, sina kwetu...*

Penseli alilijua neno linalofuata. Wote walilijua. Bibi harusi akishasema "nipeperushe," kamba inavutwa.

Alitokea katikati ya ngoma na matarumbeta. Akakanyaga mguu wa mpiga zeze, akapindua kinara cha karatasi za nyimbo, akadandia ukingo wa jukwaa kwa tumbo kama anayepanda ukuta wa jirani.

*Nipeperu...*

Wimbo ulikatika katikati ya neno, kama redio iliyochomolewa.

Mashine ya moshi ilikuwa imejaza jukwaa lote. Juu ya moshi huo Penseli aliona gauni jeupe likiinuka, na mikono miwili ikiparura kola, na viatu vyeupe vikirusha mateke.

"Safi!" mwongozaji alipiga kelele kutoka kwenye viti vya ukumbini, gizani, akipiga makofi. "Safi sana! Furukuta hivyo hivyo, mama! Leo ndiyo umenipa ninachotaka!"

"Anakufa!" Penseli alipayuka. "Anakufa, shusheni!"

Ngoma zikaila sauti yake.

Alikimbia kwenye moshi, akaruka, akakamata kifundo cha mguu. Teke likampata kinywani. Akashika tena, safari hii magoti, akayakumbatia, akasukuma juu kwa nguvu zake zote chache. Si kushusha, msomaji, kupandisha. Akili yake ilimwambia jambo moja tu: uzito huu usikae shingoni.

Kamba ikaendelea kuvuta. Penseli akasimama kwa vidole vya miguu. Ladha ya damu ilimjaa mdomoni, na hapo juu hakusikia hata pumzi.

"Mdogo wangu, vumilia. Vumilia, vumilia..."

Wapiga ngoma walikuwa wa kwanza kushtuka. Ngoma moja ikanyamaza, ya pili ikanyamaza, na ndani ya ukimya ule kila mtu akasikia koo la Kinanda likikoroma.

Aliyefika mbele ya wote ni Mama Sindano. Mwanamke yule mzito, mwenye magoti mabovu, alikuwa amepita njia ile ile ya shimoni. Mkono mmoja alikamata mchoro aliouokota sakafuni, wa pili mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa. Alipanda juu ya kiti cha enzi cha mbao kilichopakwa rangi ya dhahabu, akafika kwenye kola, na gauni alilolishona kwa majuma mengi bila kuinua mgongo akalichana kwa mkasi kama anayepasua gunia.

Dada na mdogo wakaanguka pamoja, kitambaa chote kikawafunika.

Penseli alikifukua kitambaa kama mtu anayefukua kaburi. Uso wa Kinanda ulikuwa umeiva rangi ya zambarau. Macho wazi. Halafu kifua kikapanda, na pumzi ikaingia kwa mlio wa kutisha, mlio ambao Penseli asingeubadilisha na wimbo wowote duniani.

"Yu hai," alisema. "Yu hai, yu hai."

Kinanda alifungua mdomo. Haikutoka sauti. Shingoni palikuwa na alama nyekundu, nene kama kamba ya kuanikia nguo. Alikamata mkono wa shati la dada yake na kuung'ang'ania, akimvuta karibu, midomo ikisema na kusema bila kutoa hata neno.

"Usiseme. Koo limeumia. Nipo hapa, siendi popote."

Kinanda alitikisa kichwa kwa nguvu. Machozi yakamtoka. Akajaribu tena.

Na hapo mtu alimshika Penseli bega akamng'oa pale alipopiga magoti.

"Mwache," alisema mwongozaji. Alikuwa mrefu, sauti yake ilizoea kuamrisha watu walio mbali. "Uliyomtenda yanatosha."

"Unasemaje?"

Mwongozaji aliuchukua mchoro mkononi mwa Mama Sindano, ambaye alikuwa akirudia maneno yale yale: "Nilishona kilichochorwa. Mimi nilishona kilichochorwa." Akaunyanyua kila mtu auone. Bibi harusi asiye na uso, kama Penseli anavyowachora watu wake wote. Gauni jeupe lenye vivuli vya buluu. Pete shingoni. Na chini, kwenye kona, alama ndogo ya penseli iliyolala, sahihi inayojulikana na ukumbi mzima.

"Hii ni kazi ya nani?"

"Mchoro ni wangu. Yaani si wangu. Pete mimi niliichora kiunoni."

"Nani mwingine anachora hivi hapa ndani?"

Macho yote yakamgeukia Penseli.

"Wewe mwenyewe ulitutangazia kwamba hapana uzi utakaopita kwenye kitambaa bila kuwa kwenye mchoro wako. Kweli au si kweli?"

"Kweli, lakini..."

"Na juzi, chumba cha chai, mbele ya watu wote, ulimwambia nini mdogo wako?"

Penseli alikuwa amemwambia, ndiyo. Kinanda alitangaza kwamba mchezo ukiisha atasafiri na kikundi nchi za nje, atamwachia dada yake kumwuguza baba peke yake. Penseli alipandwa na hasira, akasema neno asilolimaanisha. Sasa lilirudi kwa mdomo wa mpiga tarumbeta, mmoja wa watu waliokuwepo.

"Alisema, 'Ipo siku utaanguka kutoka huko juu unakojipandisha, na mimi sitainama kukuokota.'"

"Hasira!" Penseli alilia. "Nani hajawahi kusema neno kwa hasira? Ni mdogo wangu. Nimemlea!"

Watu walirudi nyuma. Hatua chache tu, lakini aliziona.

Fundi wa kamba alikuwa ameshateremka ngazi ndefu ya chuma kutoka darini. Buibui, walimwita, maana maisha yake ni huko juu kwenye vyuma na magurudumu ya kamba. Alikuwa analia waziwazi, mwanamume mzima, anajifuta kwa kitambaa cha grisi.

"Sikuona kitu," alisema. "Moshi ulikuwa mwingi. Niliinasa ndoano kwenye pete kama mchoro unavyosema. Nilidhani kuna mikanda imeshonewa ndani ya gauni. Mungu wangu, nilidhani imeshonewa ndani."

"Si kosa lako," mwongozaji alimwambia. "Una gari. Mpeleke hospitali haraka. Mama Sindano, nenda naye."

Buibui alimbeba Kinanda kama anayebeba yai. Vidole vya Kinanda vilikuwa bado vimeng'ang'ania shati la dada yake. Ilibidi mwongozaji avibandue kimoja kimoja. Penseli alitaka kufuata. Mlinzi, yule wa kioo kidogo, akamzuia kwa kifua. Sasa hakuwa anacheka.

"Wewe kaa hapo," alisema mwongozaji. "Polisi wameshaitwa."

Walimkalisha kwenye kile kiti cha enzi. Fikiria hali yake, msomaji. Mdomo umevimba kwa teke la mdogo wake, na wenzake wa miaka nenda miaka rudi wanamtazama kama nyoka aliyeingia chumbani. Mchoro mwongozaji aliutupa mapajani mwake. "Utazame vizuri," alimwambia. "Uwe na cha kuwajibu."

Aliutazama.

Kilichomtisha kuliko yote ni kwamba alijitambua. Mistari ilikuwa yake. Namna mkono wa bibi harusi ulivyolegea, yake. Buluu ya vivuli, buluu yake, ile anayoichanganya mwenyewe na hamfundishi mtu. Alianza kujitilia shaka. Majuma yale alikuwa analala kidogo na kuchoka sana. Je, mtu anaweza kuchora kitu na asikumbuke? Je, hasira yake ingeweza kushika kalamu bila yeye kujua?

Alilamba kidole ili afute tone la damu lililodondokea pembeni mwa karatasi, karibu na doa la chai. Doa hilo alilifahamu. Ni yeye aliyeweka kikombe juu ya mchoro ungali mbichi, likabaki duara la kahawia lililokatika upande mmoja.

Kidole kikateleza juu ya doa.

Kikarudi na rangi ya kahawia.

Chai iliyokaa miezi kwenye karatasi haitoki kwa mate. Akasugua tena, taratibu. Duara likafutika. Chini yake karatasi ilikuwa nyeupe, safi.

Hili halikuwa doa la chai. Mtu alilichora.

Basi hakuna aliyeihamisha pete kwenye mchoro wake. Mtu alikaa chini akauchora mchoro mzima upya, mstari kwa mstari, akanakili sahihi, na hakuridhika mpaka amenakili na alama ya kikombe. Duniani Penseli alimfahamu mtu mmoja tu mwenye wazimu wa aina hiyo. Akipewa picha ainakili, hunakili mpaka kinyesi cha nzi.

Mtu huyo ndiye aliyemfundisha kushika penseli.

"Hapana," alisema kwa sauti. "Hapana, hapana."

"Unasema nini?" mlinzi aliuliza.

"Maji," alisema Penseli. "Tafadhali, naomba maji. Mdomo unavuja damu."

Mlinzi aligeuza shingo kuangalia nani wa kumtuma. Penseli akakunja mchoro, akautia kifuani, akaruka shimoni kwa wapiga ala. Kelele zikapigwa nyuma yake. "Anatoroka! Mshikeni!" Alijua, hata alipokuwa anakimbia, kwamba kwa kukimbia huko amejihukumu mwenyewe mbele ya wote.

Nyumbani hapakuwa mbali. Alipita nyuma ya maduka, akavuka barabara bila kutazama magari, akatukanwa na dereva mmoja, akaingia kwenye uchochoro wao. Mlango aliouacha umerudishwa asubuhi bado ulikuwa umerudishwa. Aliingia, akapiga komeo.

Baba yake alikuwa kitandani, mgongo kwenye mito, redio ikizungumza peke yake. Zamani alikuwa mchora mabango. Nusu ya maduka ya mtaa ule majina yake yametoka kwenye brashi yake. Siku moja ngazi iliteleza, akaanguka, na tangu hapo miguu haikumsikia tena. Lakini mikono ilikuwa mizima.

"Umerudi mapema," alisema, na uso wake ukachanua alipoona karatasi aliyoitoa kifuani. "Aa! Kwa hiyo umejua! Niambie ukweli, umeliona doa?"

Penseli alisogea mpaka kitandani.

"Doa la chai! Nilitumia kahawia na nyeusi kidogo, nikapuliza ikauke. Hata wewe hukushtuka, sema kweli. Mkono wa mzee bado upo!"

"Baba," alisema Penseli, "Kinanda amenyongwa na gauni."

Aliuona uso ule ukizimika. Ungekuwepo, msomaji, ungegeuza macho.

"Yu hai?"

"Yu hai. Hasemi. Baba, umefanya nini? Nani alikuletea mchoro wangu?"

Mzee alitazama mikono yake kana kwamba ameletewa ya mtu mwingine. "Yeye mwenyewe."

"Yeye nani?"

"Mdogo wako."

Penseli aliketi sakafuni.

"Alikuja mchana, uko kazini," alisema baba. "Akalia hapa kitandani mpaka nikaogopa. Ana mimba, mwanangu."

"Mimba?"

"Ule mkanda wa kiunoni wanaofanyia mazoezi unambana tumbo kila akipandishwa. Aliogopa mtoto atatoka. Na alikuogopa wewe."

"Mimi, Baba?"

"Ni wewe uliyemlea tangu mama yenu alipotuacha. Amwogope nani mwingine? Zile safari za nje ndiyo maana. Alitaka akajifungulie mbali, halafu akurudie na mtoto mkononi, usiweze kusema kitu." Alijisogeza kwenye mito. "Akasema ipo mikanda mingine, ya mabegani. Unaivaa kama begi la shule, chini ya gauni. Pete inatokeza nyuma ya shingo tu, uzito wote uko mabegani na kwapani, tumbo haliguswi. Lakini Mama Sindano hashoni kisichokuwa kwenye mchoro wako, na wewe hutabadili kitu bila kuuliza sababu. Akaniambia, 'Baba, mkono wako unaweza bado?'"

Redio ikaendelea kutangaza sabuni.

"Ule wako upo hapa, chini ya godoro," aliongeza kwa sauti ndogo. "Sikuuharibu."

"Hapakuwa na mikanda ya mabegani," alisema Penseli. "Palikuwa na kola tupu. Nani alimwambia habari za mikanda hiyo?"

"Huyo mtu wenu wa kamba. Alisema atashughulikia yote."

"Na mtoto ni wa nani?"

"Nilimwuliza. Akasema nisimuulize hilo."

Simu ilitetemeka mfukoni mwa Penseli, naye akaruka kama aliyeungua. Ni Mama Sindano. Alikuwa anahema, na nyuma yake magari yanapita.

"Mwanangu, nimeachwa njiani!"

"Umeachwa na nani? Kinanda yuko wapi?"

"Buibui. Kaniambia niteremke ninunue maji, mtoto ana kiu. Nimegeuka na chupa mkononi, gari hakuna, limeondoka naye na mkoba wake wenye simu! Na hospitali tulikuwa tumeshaipita. Nilipomwuliza akasema anaijua nyingine, nzuri zaidi."

Penseli alishika ukingo wa kitanda.

"Mama, nisikilize. Uliposhona pete ile kwenye kola, hukuuliza itabebwa na nini?"

"Nilimwuliza yeye! Mimi si mjinga, mwanangu. Akanijibu, 'Mikanda ninayo mimi, Mama, nitamvalisha mwenyewe kabla hajapanda.' Sasa leo namsikia jukwaani anasema alidhani nimeishonea ndani. Nikasema labda amechanganyikiwa kwa mshtuko, maskini. Mwanangu? Mbona kimya?"

Kwa hiyo Mama Sindano aliambiwa mikanda anayo Buibui. Na Kinanda, ambaye asingeweza kumwuliza Mama Sindano bila kulifichua tumbo lake, hapana shaka aliambiwa imeshonewa ndani ya vitambaa vile vizito. Mtu mmoja tu ndiye aliyejua kwamba haipo popote. Akainasa ndoano kwa mkono wake, akapanda ngazi, akavuta.

Na Penseli alikuwa amesimama pale, akimtazama akimbeba mdogo wake.

Alikata simu ya Mama Sindano, akapiga ya Kinanda. Vidole vilikosea, akaanza upya. Ikaita. Ikaita mpaka akadhani itakatika. Kisha ikapokewa.

"Kinanda?"

"Amelala," ilisema sauti ya kiume. Ilikuwa imetulia kabisa. Machozi ya jukwaani yalikuwa yamekauka.

"Buibui. Mrudishe. Nakuomba. Chochote unachotaka, mrudishe tu."

Kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja, Buibui alikuwa akimwita dada. Dada shikamoo, dada habari za kazi, dada naomba nikusaidie kubeba.

"Usipige kelele, shemeji," alisema.

Nywele zilimsimama Penseli.

"Nina mke, nina watoto, nina heshima yangu mtaani. Nilimwambia mdogo wako mapema, alitoe hilo tumbo. Hakusikia. Sasa polisi hawanitafuti mimi, wanakutafuta wewe, na tuache hivyo hivyo. Uko wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Na baba tu."

"Vizuri. Tuongee kama watu wa nyumba moja. Lakini nikisikia humo ndani sauti ya mtu wa tatu, nakata hii simu, na mdogo wako hutamwona tena. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Mlango ukagongwa.

Haukugongwa kwa adabu. Uligongwa kwa kitako cha kitu kigumu, komeo likatikisika mahali pake, vumbi likadondoka kutoka juu ya fremu.

"Nini hiyo?" Buibui aliuliza.

Penseli alibana simu kifuani kwa mkono mmoja. Kitandani, baba yake alikuwa amegeuza uso kuelekea mlangoni, na kwa mazoea ya mzee aliyekaa siku nzima peke yake akisubiri mgeni, alikuwa ameshafungua mdomo kuitikia.

Penseli akamrukia, akauziba mdomo ule kwa kiganja chake.

"Polisi!" ilinguruma sauti ya nje. "Fungua!"